Lori Lililotembea Sana: Badilisha Nini Kabla Hakijakukwamisha

Fuso na Canter nyingi zinazobeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara ya dhahabu ya Rwamgasa, Geita, kwenda karasha na plenti zilishatembea miaka mingi Japani kabla hazijashuka bandarini Dar es Salaam. Huku zimeongezewa mzigo, vumbi na mashimo. Mwenye gari la namna hii akiuliza abadilishe nini, hupata majibu mawili. Fundi humwambia kisichoharibika kisiguswe. Muuza spea humwambia abadilishe kila kitu. Ukimfuata wa kwanza, gari litakulaza njiani na mzigo wa mtu. Ukimfuata wa pili, utafilisika gari likiwa bado linatembea.

Njia iko katikati, na inaanza kwa maswali mawili ya kuuliza kwa kila kipuri. Kikikatika, kitaharibu nini kingine? Na kabla ya kukatika, kitatoa taarifa?

Kipuri kinachotoa taarifa mapema na kisichoharibu kingine, kiache kifanye kazi mpaka kichoke. Stata inayoanza kusuasua asubuhi itakuonya kwa majuma kadhaa, na ikifa kabisa gari litasukumwa. Lakini mpira wa rejeta hupasuka ghafla, na ukipasuka dereva asipoona geji unaondoka na silinda hedi. Huo unabadilishwa kwa ratiba hata kama kwa macho unaonekana mzima. Bei ya kipuri isikudanganye: vinavyoua injini na watu mara nyingi ni vya bei ndogo.

Hesabu kwa dizeli

Ratiba inahitaji kipimo, na kilomita za kwenye dashibodi hazifai. Katika magari mengi mita imekufa, na katika mengine ilirudishwa nyuma kabla hujalinunua. Hata ikiwa nzima haisemi ukweli wote. Lori linalokwenda Mwanza kwa lami kwa kilomita 60 kwa saa humaliza kilomita 5,000 kwa saa 83 hivi za injini. Lori linalozunguka kati ya maduara na karasha kwa kilomita 20 kwa saa huhitaji saa 250 kwa kilomita zilezile, bado hujahesabu muda linaounguruma likipakia.

Kipimo kisichodanganya ni dizeli, kwa sababu injini huila hata ikiwa imesimama. Weka daftari kwenye gari. Kila unapojaza, andika tarehe na lita. Kwa Canter inayofanya kazi za mgodini, kila lita 700 hivi zikiisha mwaga oili na badilisha filta yake. Kwa Fuso kubwa, fanya hivyo kila lita 1,000. Filta ya dizeli ibadilishwe kila mara ya pili, na kila mara ikiwa unanunua mafuta ya madumu. Mafuta ya madumu yaache yatulie usiku mzima, kisha uyamimine bila kutikisa kitako, maana maji na uchafu hukaa chini. Maji yakifika kwenye pampu na nozeli, bili yake hutaisahau.

Kama umenunua gari na hujui historia yake, chukulia kwamba hakuna kilichowahi kubadilishwa. Siku ya kwanza kwenye daftari iwe siku ya kumwaga oili zote: ya injini, ya gia boksi na ya difu, pamoja na maji ya rejeta na mafuta ya breki. Hapo ndipo hesabu yako inapoanzia.

Vumbi la mwamba

Dhahabu ya ukanda wa Geita mara nyingi hukaa ndani ya mishipa ya mawe meupe ya kwazi. Karasha zikisaga mawe hayo, vumbi lake huenea barabarani, juu ya mabati na kwenye mapafu ya wachimbaji. Kwazi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Ikipenya kwenye injini hugeuka msasa: inakula ringi za pistoni, inakwangua kuta za silinda, na ikishachanganyika na oili inahamia kwenye beringi za krenki. Injini inayokula oili na kutoa moshi wa bluu mwaka mmoja tu baada ya kufanyiwa overholi mara nyingi imekula vumbi.

Filta ya hewa ndiyo kipuri cha kwanza kwenye orodha ya lori la Rwamgasa. Kwenye lami filta hukaa muda mrefu. Huku ikague kila juma wakati wa kiangazi. Ukiipuliza kwa kompresa, upepo utoke ndani kwenda nje, tena kwa presha ndogo. Kisha ingiza taa ndani ya filta ukiwa kivulini. Ukiona tundu la mwanga, au karatasi imekunjamana, itupe. Usiipulize zaidi ya mara mbili tatu. Karatasi hulegea na kupitisha vumbi jembamba ambalo jicho halioni.

Halafu fanya kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka. Fungua mpira unaotoka kwenye nyumba ya filta kwenda kwenye injini. Pitisha kidole kikavu ndani ya mpira huo, upande ulio baada ya filta. Kidole kikitoka safi au na mafuta kidogo, uko salama. Kikitoka na unga wa kijivu au mwekundu, vumbi linapita pembeni: kuna mpira uliopasuka, klipu iliyolegea, au filta isiyokaa vizuri kwenye kiti chake. Hapo gari lisiondoke mpaka tundu lipatikane. Mpira huo wa hewa ubadilishwe kila baada ya miaka mitatu hata kama haujachanika, na klipu zake ziwe za kukaza kwa skrubu. Waya wa kufungia haukazi pande zote sawa.

Mfumo wa maji

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Rwamgasa iko juu zaidi ya ziwa. Kwa mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kinachozuia rejeta yako kuchemka mapema ni mfuniko wake, unaoshikilia presha ndani na kupandisha kiwango cha kuchemka kupita nyuzi 105. Raba ya mfuniko ikikauka au springi yake ikilegea, presha inatoka, na gari linaanza kuchemsha mlimani wakati rejeta haina tatizo. Wengi huishia kuosha rejeta na kubadilisha pampu, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye mfuniko.

Sehemu hii yote ibadilishwe pamoja, kila baada ya miaka miwili au mitatu: mipira ya juu na ya chini, mipira midogo ya kurudisha maji, mikanda ya feni, themostati, mfuniko, na kulanti. Pampu ya maji iondolewe wakati huohuo na kukaguliwa. Ikiwa beringi yake inacheza, au kwenye tundu dogo la chini kuna alama ya maji yaliyokauka, isirudishwe.

Mpira wa rejeta huoza kuanzia ndani, hasa karibu na klipu. Uubonye injini ikiwa imepoa, sentimita chache kutoka kwenye klipu, kisha katikati. Ukihisi pembeni ni laini kuliko katikati, au unasikia mkwaruzo kama wa mchanga ndani, siku zake zimekwisha. Mkanda nao, ugeuze uone upande wa ndani. Nyufa na mng'aro ndiyo dalili. Mikanda inayokaa miwili miwili inunuliwe pamoja, kwa sababu mpya na wa zamani haivuti sawa.

Mambo mawili ya kuacha. La kwanza ni kung'oa themostati ili injini ipoe. Injini isiyofikia joto lake inaunguza dizeli vibaya na kuosha oili kwenye silinda, na silinda hulika upesi. Gari linalochemsha lina ugonjwa. Tafuta ugonjwa wenyewe. La pili ni kujaza maji ya shimoni. Maji ya duara yana chumvi na madini yanayokula aluminiamu na kuziba rejeta. Ukikosa kulanti, bora maji safi ya mvua kwa siku chache kuliko maji ya shimo. Na usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, hata kama mteja anakupigia kelele.

Breki na usukani havisubiri

Hapa ndipo swali la kwanza, kikikatika kitaharibu nini, lina jibu zito kuliko yote. Kinachokufa ni watu: utingo aliyeketi juu ya viroba, na waliokaa kwenye genge lililo chini ya mteremko.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani hata kama hayajavuja. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 yanapaswa yasichemke kabla ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango chake cha chini ni nyuzi 140 tu. Kwenye mteremko mrefu na mzigo, breki hupata joto, mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye bomba, na pedali inazama mpaka chini. Yabadilishe kila mwaka, yote, na utoe hewa gurudumu moja baada ya jingine. Usijazie oili ya injini wala ya haidroliki hata kijiko kimoja. Raba za masta silinda na wili silinda zitavimba, na breki zitashika au zitaachia bila onyo.

Raba hizo zenyewe, pamoja na hozi za breki, zibadilishwe kila baada ya miaka miwili. Mipira ya breki hupasuka juu, lakini pia huvimba ndani na kufunga njia: gurudumu linabaki limeshikwa, dramu inaungua, na tairi inafuata. Ukishika dramu zote baada ya safari na moja ikawa ya moto kupita wenzake, umepata mgonjwa. Ishike kwa uangalifu, kwa nje ya mkono. Kwa Fuso zenye matangi ya upepo, fungua koki kila jioni maji yatoke. Tangi lililojaa maji halibaki na nafasi ya upepo.

Kwenye usukani vya kuangalia ni tairodi, dragilinki na kingipini. Mwambie utingo atikise usukani kulia na kushoto injini ikiwa imewashwa na gari limesimama, nawe ushike kila kiungo kwa mkono. Kiungo kinachogonga kiganjani kibadilishwe juma hilohilo. Kwa kingipini, inua tairi ya mbele kwa jeki, weka stendi ya chuma, kisha shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, shida ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, shida ni kingipini na bushi zake. Tofauti hiyo itakuokoa kununua kitu kisichohitajika.

Kamwe usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake au lililopangiwa mawe. Kwa tipa, bodi ikiwa juu weka nguzo ya chuma kabla ya kuingiza hata kichwa. Hozi ya jeki ya tipa haitoi taarifa inapopasuka.

Chini ya mzigo

Springi hukatika kwa sababu ya mzigo, lakini mara nyingi safari ya kuelekea huko ilianza kwenye yu-bolti zilizolegea. Zikilegea, springi hucheza juu ya ekseli, senta bolti inakatwa, na ekseli inahama kutoka mahali pake. Gari linatembea upande na matairi yanaliwa. Kaza yu-bolti kila mwezi, na baada ya kilomita mia hivi unapofunga springi mpya. Yu-bolti zikishafunguliwa zisirudishwe, zimeshavutika.

Propela shafti ina krosi na senta beringi. Ukisikia mgongano mmoja unapoachia klachi au mtetemo kwenye mwendo wa kati, usingoje. Krosi ikikatika upande wa mbele, shafti huanguka na kuchimba barabara, na inaweza kulibinua gari. Piga grisi kila juma mpaka uione ikitoka kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kisichotoa grisi kimeziba, na beringi yake inakauka wakati nyingine tatu zinapata. Kama gari halina kamba ya chuma ya kuzuia shafti isianguke, fundi welda ataiweka kwa gharama ndogo.

Kwenye matairi, soma tarakimu nne za mwisho zilizo kwenye kiduara pembeni mwa tairi: 2318 maana yake juma la 23 la mwaka 2018. Tairi yenye kashata nzuri lakini raba iliyozeeka hupasuka kwa mzigo. Zilizovalishwa upya zikae nyuma, kamwe zisiwekwe mbele. Na kila tairi ikifunguliwa, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Ukishafungua, maliza

Gharama kubwa ya kazi nyingi ni kufungua na kufunga. Kwa hiyo kipuri cha bei ndogo kilicho karibu na sehemu iliyokwisha kufunguliwa kibadilishwe hata kama kina miezi kadhaa iliyobaki.

Gia boksi ikishuka kwa ajili ya klachi, badilisha klachi pleti, presha pleti, beringi ya kuachia, beringi ndogo ya kwenye flaiwili, na oili sili ya nyuma ya injini. Dramu zikifunguliwa, badilisha sili za habu, osha beringi na uzijaze grisi mpya. Sili ikivuja oili juu ya breki shuu, hakuna kuosha kwa petroli. Shuu hizo zimekwisha. Betri mbili za Fuso ya volti 24 zibadilishwe pamoja, kwa sababu ya zamani huivuta mpya mpaka zote zife.

Kuhusu mkanda wa taimingi, jua injini yako. Injini za Fuso za 6D14 mpaka 6D17 na za Canter za 4D32 mpaka 4D35 zinatumia gia, kwa hiyo usikubali kuuziwa mkanda usiokuwepo. Lakini kama una Hilux ya injini ya 3L au 5L, au Land Cruiser ya 1HZ inayobeba watu na vifaa vya mgodi, mkanda upo, na Toyota wanaelekeza ubadilishwe kila kilomita 100,000. Ukikatika mwendoni, valvu zinagonga pistoni na overholi inaanzia hapo.

Spea: ipi mpya, ipi ya mtumba

Mtumba wa Japani una mahali pake. Gia, ekseli, kapi, nyumba ya difu, kichwa cha gia boksi, vyote ni vyuma vilivyoshaonyesha uimara wake, na mara nyingi ni bora kuliko kopi mpya. Ila usinunue mtumba wa kitu chochote cha raba, cha beringi, cha breki, mkanda au themostati. Vitu hivyo huzeeka hata vikikaa rafuni.

Peleka kipuri cha zamani dukani. Linganisha uzito, namba iliyochongwa, na umaliziaji wa kingo. Beringi ya kweli ina namba iliyochorwa ikakaa. Ya feki namba yake hufutika kwa kusugua na kitambaa chenye petroli. Dai risiti yenye jina la kipuri na namba yake, kwa sababu bila risiti huna cha kupeleka kwa Tume ya Ushindani ukiuziwa bandia. Oili inunue kwa dumu lenye sili ambayo haijaguswa, na madumu yako matupu yatoboe kabla ya kuyatupa yasirudi sokoni.

Na usifunge kitu kisicho sahihi kwa sababu tu ndicho kilichopo kwenye maduka ya Katoro. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, basi linaloleta spea kutoka Mwanza halingoji tena kivuko. Kuagiza na kusubiri siku moja ni nafuu kuliko kufungua mara mbili.

Hela na kalenda

Kwa tajiri mwenye gari, ratiba hushindwa kwa sababu hela ya mawe huja kwa mkupuo na kuondoka kwa mkupuo. Gawa gharama kwa muda wa kipuri. Tuseme mfumo wote wa maji unagharimu shilingi 600,000 na unakaa miezi 24: hiyo ni 25,000 kila mwezi. Fanya hivyo kwa breki, matairi, springi na klachi, jumlisha, kisha ugawanye kwa idadi ya tripu za mwezi. Kiasi hicho kitoke kwenye hesabu ya kila tripu kabla hujaigusa, na kiwekwe kwenye laini ya simu ambayo si ya matumizi ya nyumbani.

Kwa kalenda, mwezi wa Septemba uwe wa breki, usukani, matairi, waipa na waya za taa, kabla mvua za Oktoba hazijaanza. Mvua ikizidi, maduara yanajaa maji na kazi inapungua. Hapo ndipo pa kushusha gia boksi. Juni na Julai, vumbi linaporudi, anza na filta na mipira ya hewa.

Dereva naye asiadhibiwe kwa kuleta taarifa. Akijua kila akisema "inagonga" atakatwa siku, atanyamaza mpaka kikatike. Mwekee ukurasa wake kwenye daftari, na kila jioni aandike alichosikia na mahali alipokisikia.

Mwezi ukiwa mbaya na hela inatosha kitu kimoja tu, fuata mpangilio huu bila kuupindua: kwanza mafuta ya breki na raba zake, kisha viungo vya usukani, kisha filta ya hewa na mpira wake, kisha mfuniko, mipira ya rejeta na mikanda, kisha oili na filta. Yu-bolti na grisi hazimo kwenye foleni hiyo, maana zinahitaji spana na nusu saa tu. Rangi, redio na taa za urembo zingoje mwezi mzuri.